Jina la Barabara Iliyo Karibu

Mwanangu Tumaini,

Juzi jikoni uliniuliza swali, nami nikakujibu vibaya. Ulikuwa unaosha vyombo, umenigeuzia mgongo, ukauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, kuna kitu gani unapaswa kujua kuhusu boti. Nikasema, "Vaeni makoti ya kuokolea," kisha nikatoka kibarazani. Nilisimama pale nikiangalia magari ya barabara ya Route 7 mpaka nikasikia umefunga bomba. Nilijua ulichokuwa unauliza. Naamini na wewe ulijua kwamba nimejua.

Sasa umekwenda Landover kumuaga mama yako mdogo Joyce. Mabegi yako yamejipanga mlangoni, na kesho asubuhi rafiki yako Keisha na wenzenu watakuja kukuchukua: wiki nzima kwenye boti, halafu moja kwa moja chuoni. Nyumba itabaki na mtu mmoja mpaka Krismasi. Basi nimekaa mezani nikujibu vizuri. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini. Kinajua kueleza kwa nini kompyuta imekwama, na siku hizi hakielezi kingine, maana ofisi nzima inaogopa kompyuta zitazimika mwaka elfu mbili ukiingia. Haya ninayotaka kukuambia hayamo ndani yake. Ukikwama neno, lisome kwa sauti. Masikio yako yanakijua Kiswahili kuliko macho yako.

Habari za kula, kulala na wavulana siziandiki. Mama yako alizimaliza zote, tena kwa ufasaha. Nitakuandikia habari za boti.

Unajua mimi nilizaliwa Mpwapwa. Kwetu maji yalikuja kwa ndoo, na mto ulikuwa mchanga mwaka mzima isipokuwa majuma machache ya masika. Mtu wa namna hiyo hakodi boti. Wazo lilikuwa la mama yako, na nataka ujue lilivyoanza, kwa sababu wewe tulikuambia ni likizo tu.

Siku ile tulikuwa tunatoka hospitali. Daktari alikuwa ametuambia kwamba dawa zimefika mwisho, kwamba hakuna nyingine ya kujaribu, na akatushauri kwa upole twende tukafanye yale tunayoyapenda. Tulikaa ndani ya gari kwenye foleni ya barabara ya Beltway. Mimi nilikuwa nawaza nitakuambiaje. Mama yako akasema, "Baba Tumaini, nataka boti."

Nikadhani homa inampanda. "Boti gani?"

"Ile ya kulala ndani. Nimeiona kwenye gazeti pale tunapongojea. Ina mapazia na jiko, inapita kwenye mfereji katikati ya mashamba. Nimechoka kupanda ngazi, nimechoka kubeba mikoba. Nataka nyumba iende yenyewe huku nimekaa."

Nilikataa. Nilikataa wiki nzima. Mama Furaha wa chumba cha chini, na Kiswahili chake cha Kongo, unamjua alivyo, alipopata habari alipanda juu akanishika mkono kabisa: "Baba Tumaini, munapeleka mugonjwa mu mai? Kule kuko hopitali?" Mama yako alikuwa amelala kwenye kochi, tukadhani hasikii. Akasema bila kufumbua macho, "Hospitali nimeshaiona, Mama Furaha. Boti bado." Hapo nikapiga simu kuulizia boti. Akaniomba jambo moja, kwamba usiambiwe habari ya daktari mpaka turudi. Alitaka uwe na majira mamoja ya joto yasiyo na kivuli. Sijui kama alifaulu. Ulikuwa mtoto wa kuona mambo.

Ndivyo tulivyokwenda kwenye ule mfereji wa zamani wa kaskazini, jimboni New York, ambako kesho na wewe unakwenda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa boti yenyewe. Tulikuwa watatu, nikakodi ya watu sita, kwa sababu picha yake ilinivutia na kwa sababu nilitaka mama yako apate nafasi ya kutosha. Boti ndefu haina huruma na mtu asiyeijua. Upepo unaikamata ubavuni kama unavyokamata bati, na pale unapotaka kugeuza hapatoshi. Keisha ameniambia mmechukua ile ndogo ya watu wanne. Vizuri sana. Mtagongana viwiko jikoni, lakini mtaifunga ukingoni bila kulia.

La pili ni kwamba nilifika nimechoka. Niliendesha gari tangu alfajiri kutoka hapa Falls Church, tukapanda milima yote ile ya Pennsylvania, tukafika kwa yule mzee Walter mwenye maboti mchana umeshageuka. Unamkumbuka Walter, mzee mrefu wa sauti ndogo. Alitupitisha boti nzima: hapa injini, hapa tangi la maji ya kunywa, hapa tangi la choo, hapa gesi, hapa redio ya upepo ya kuitia msaada. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mwanafunzi asiyetaka mwalimu agundue kwamba hajaelewa. Kila alipouliza, "Una swali?" nilisema hapana. Nilikuwa na maswali mia. Niliona aibu kuuliza mbele yenu, baba mzima.

Tumaini, usiwe hivyo. Lala mahali njiani, ufike na akili yako. Kila anachowaeleza, mwambie akuache ukifanye kwa mkono wako mwenyewe, kila mmoja wenu mara moja: kuwasha, kurudi nyuma, kufunga kamba, kuzungumza kwenye redio. Asishuke kwenye boti mpaka wote mmeshika usukani. Hatachukia. Watu wa kazi ile wanaogopa zaidi wateja wanaotikisa kichwa.

Boti haina breki, hilo unalijua. Lakini wenzako hawajui, na utaona jinsi mtu anavyotafuta breki kwa mguu. Waambie mapema: mpini wa usukani ukiusukuma kushoto, pua ya boti inakwenda kulia. Waambie pia kwamba ukipunguza mwendo mpaka mwisho, usukani haushiki tena, unakuwa umebeba mti tu mkononi. Mimi nililijua hilo tulipokuwa tumeshaingia kwenye matete, bata wanatutukana, na mama yako amekaa mlangoni amefunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatetemeka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu majira ya baridi. Kuanzia hapo sikuchukia tena kugonga vitu.

Sasa habari ya kamba kwenye lango la maji, ambayo wewe umeisimulia kwa watu wote isipokuwa mimi. Nitaisimulia upande wangu. Tuliingia kwenye lile sanduku kubwa la zege, milango ikafungwa nyuma yetu, na maji yalikuwa yaanze kupungua ili tushuke upande wa pili. Walter alikuwa ametuambia: zungusheni kamba kwenye bomba la ukutani, mshike ncha yake mkononi, muiachie taratibu boti inavyoshuka. Mimi nikaona kushika ncha ni kazi ya mtu asiye na uhakika. Nikafunga fundo. Fundo la kwetu, la kufungia ng'ombe, ambalo likikazwa halifunguki mpaka lichoke lenyewe. Maji yakashuka, boti ikabaki imening'inia upande mmoja. Sahani zikaanza kuteleza kabatini. Wewe ulikuwa mbele na kamba yako, umeishika sawasawa kama ulivyoelekezwa, unapiga kelele, "Baba! Baba!" Mimi nalivuta lile fundo kwa meno. Na kutoka ndani, katikati ya sauti ya vikombe kuvunjika, nikamsikia mama yako anauliza kwa utulivu kabisa: "Baba Tumaini, umefunga mbuzi?"

Yule mlinzi wa lango aliona, akasimamisha maji, akayarudisha juu mpaka kamba ikalegea. Hakutukana. Alitazama fundo langu akasema hajawahi kuona la namna ile. Ulicheka, kisha ukaenda kukaa nyuma ya boti peke yako, na nilipokuja nikakuta unalia. Nilikuuliza kuna nini, ukasema, "Nothing." Nikakubali hiyo nothing, kwa sababu ilinifaa.

Basi kamba haifungwi mahali ambapo maji yanapanda na kushuka. Inashikwa. Na mkono au mguu usiwekwe kamwe kati ya boti na ukuta. Boti ikienda kugonga, iacheni igonge, rangi inapakwa upya. Na msiruke kwenda ukingoni. Mtu anayeruka ndiye anayeanguka. Ngojeni ikaribie, mkanyage kama mnashuka ngazi.

Kosa lililofuata nililirekebisha mapema, ashukuriwe mama yako. Nilikuwa nimepanga safari kama mtu wa ofisini: leo tufike mji huu, kesho ule, lango hili kabla halijafungwa. Tulikuwa tunapita mahali pazuri nami naangalia saa. Siku moja tulipita kwenye bustani ya mji mdogo, bendi ya wazee ilikuwa inapiga tarumbeta juani, mama yako akageuza shingo yake yote kuwafuata mpaka wakapotea. Akaniuliza, "Tunafukuzwa na nani?" Nikafikiri sana juu ya swali lile. Kisha nikatafuta mahali papana, nikageuza ile boti ndefu kwa jasho na aibu, tukarudi. Mlikula aiskrimu. Yeye alionja yako kijiko kimoja. Bendi ilipiga mpaka ikachoka.

Mkikodi boti, mnalipia kwenda polepole. Anayetaka kufika akodi gari. Na kumbukeni kwamba lazima mrudi mlikotoka, kwa hiyo nusu ya siku zenu ni za kurudi. Wengi husahau, halafu siku za mwisho wanakimbizana na maji. Geuzeni mapema, hata kama mbele panaita.

Baada ya hapo zikaja zile siku nzuri. Sitaziandika zote. Utakumbuka alivyoshika usukani. Mimi sikutaka. Mkono wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba bangili ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Wewe ndiye uliyemletea kile kiti kirefu, ukamwekea mto mgongoni, ukaniambia kwa Kiingereza niondoke nyuma ya boti, kwa sababu nikisimama pale namtia wasiwasi. Nilikwenda mbele nikakaa nikiwa nimewapa mgongo. Nilisikia mnavyozungumza, yeye kwa Kiswahili, wewe kwa Kiingereza, kama kawaida yenu, hakuna aliyemtafsiria mwenzake. Mfereji ulikuwa umenyooka, mahindi pande zote mbili. Mzee mmoja aliyekuwa anavua samaki akavua kofia, akamwamkia, "Captain!" Mama yako akamwitikia, "Marahaba."

Jioni hiyo aliomba tusilale mjini. Alitaka mahali pasipo na taa za barabara. Tukaifunga boti kwenye ukingo wa nyasi, mbali na nyumba. Palikuwa pazuri. Sikuuliza pale panaitwaje. Nilikuwa nimepita madaraja ya kijani yanayofanana tangu mchana, na sikuhesabu wala kusoma bango hata moja.

Tumaini, hili ndilo nililoshindwa kukuambia jikoni. Popote mtakapoifunga boti, kabla hamjawasha jiko, kabla hamjafungua soda, mmoja wenu apande ukingoni aende akaulize au akasome jina la barabara iliyo karibu. Aje nalo. Kila mtu alijue. Ramani ya mfereji ina majina yake yenyewe ya malango na madaraja, lakini gari la wagonjwa haliji kwa mfereji.

Asubuhi nilimkuta anatetemeka na kuchemka kwa wakati mmoja, anapumua kwa juu juu. Aliniangalia lakini hakuniona vizuri. Nikashika redio ya upepo. Ashukuriwe Mungu hilo nilikuwa nimelisikiliza. Akajibu mwanamume mmoja, yule anayekaa kwenye kibanda cha daraja akilinyanyua ili boti zipite. Nikamwambia mke wangu mgonjwa sana.

"Mko wapi, bwana?"

"Kwenye mfereji."

"Mfereji ni mrefu, bwana. Mko barabara gani?"

"Sijui."

"Daraja gani mmelipita mwisho?"

"La kijani."

Yote ni ya kijani. Nikamwambia kuna mahindi upande wa kulia. Ndivyo nilivyomwambia, mwanangu, mtu mwenye digrii: kuna mahindi. Mahindi yalikuwa yamejaa jimbo zima. Akasema kwa uvumilivu, "Bwana, nahitaji jina la barabara. Gari liko tayari, lakini sijui nilielekeze wapi."

Nilipogeuka kukutuma, hukuwepo. Nikatoka nje nikakuona mbali kwenye ile njia ya kokoto kando ya maji, bado na fulana yako ya kulalia, miguu mitupu, unakimbia. Hakuna aliyekuambia. Ulikuwa umesikia swali kwenye redio, ukaelewa kabla yangu jibu linapatikana wapi. Nikarudi ndani nikamshika mama yako mkono, na yule bwana akawa anazungumza nami muda wote, ananiuliza anapumuaje, anaitwa nani, ili nisiharibike akili. Sijui ulikawia kiasi gani. Nimejaribu mara nyingi kuukisia muda ule na kila mara naukuta umezidi kurefuka.

Ulirudi huwezi kusema. Ulishika mlango ukatamka, "Tuttle Road." Nikalirudia kwenye redio. Yule bwana akasema, "Tuttle Road. Nimewaona kwenye ramani. Wanakuja." Na wewe ukachukua koti la kuokolea, lile la rangi ya chungwa, ukakimbia tena kule kule ulikotoka, ukasimama katikati ya barabara ukilipunga ili dereva asipite. Watu wa gari la wagonjwa ndio walionieleza hilo. Walisema walikuona kutoka mbali.

Walimbeba kwa machela kwenye njia ya kokoto. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kumsindikiza. Nilikugeukia nikakuambia maneno matatu: "Kaa na boti." Nikapanda. Mlango ukafungwa.

Ulikuwa hujatimiza hata umri wa leseni ya gari. Miguu yako ilikuwa inatoka damu, hilo nililiona.

Sasa nikuambie kilichotokea upande wa ndani wa mlango ule, maana hujawahi kukisikia. Walimwekea hewa na maji ya mshipani, na baada ya muda macho yake yakatulia. Akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikasema nimemwacha na boti, yule bwana wa redio amesema atamwita Walter. Akafikiri. Akasema, "Ataweza." Kisha akasema, "Umemwambia asante?" Nikasema bado. Akafumba macho. "Mwambie," akasema. "Usingoje mpaka ukiwa umetulia. Wewe hutuliagi."

Nimengoja, Tumaini. Nimengoja mpaka usiku wa mwisho kabla hujaondoka.

Mengine unayajua. Alipata nafuu, tukarudi naye nyumbani kwa gari, amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwako. Aliishi majuma machache, na kila aliyekuja kumwona alisimuliwa jinsi alivyoendesha boti. Habari ilipofika kwa Mama Furaha, ile boti ikawa meli. Alituacha majani yakiwa yanadondoka.

Na unajua alichosema mama yako mdogo msibani, kwa sababu ulikuwa umesimama kwenye korido na nilikuona: "Mgonjwa hutafutiwa hospitali, hatafutiwi boti." Nilinyamaza. Najua ulikuwa unangoja nijibu. Joyce alikuwa amempoteza dada yake, alihitaji pa kuitupa ile huzuni, na mimi nilikuwa karibu. Lakini hiyo siyo sababu yote. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na hakika. Daktari wa ile hospitali ndogo alisema homa ile ingeweza kumpata hata kitandani kwake Falls Church. Hakusema kama zile dakika tulizopoteza kutafuta jina la barabara zilibadilisha kitu. Hakusema pia kwamba hazikubadilisha. Mimi sikuuliza. Mpaka leo kuna asubuhi ninazoamka nikiwa nimeshika redio, naulizwa niko wapi.

Lakini kuhusu safari yenyewe nina hakika, na nilipaswa kusema siku ile kwenye korido ile. Mama yako hakupelekwa na mtu. Alijua alichokichagua, alijua kinaweza kuishia wapi, akakitaka, na wewe ulikuwemo ndani ya alichokitaka. Kama Joyce jioni hii amelirudia neno lile, usibishane naye. Mkumbatie tu. Amezeeka sana tangu hapo.

Mtapita pale Tuttle Road, nadhani siku ya tatu au ya nne. Sikuambii msimame wala msisimame. Nahodha ni wewe. Wenzako wakikuuliza kwa nini umenyamaza, waambie ukitaka. Keisha ana moyo mzuri. Na ikiwa utaona huwezi kuendelea, hakuna sheria inayosema lazima mmalize. Boti inaweza kugeuzwa mahali popote palipo papana.

Kamba mziweke zimekunjwa, zisidondoke majini zikanasa kwenye pangaboi la injini. Jazeni maji kila mnapopata bomba. Mkiona upepo umekuwa mkali, fungeni boti mkae ndani, mcheze karata. Kesho sitashuka mpaka maegesho. Nitabaki pale juu kibarazani, na ukiniona nimekunja uso usidhani nimekasirika.

Asante, mwanangu. Kwa kukimbia. Kwa kusimama barabarani. Kwa kukaa na boti.

Kuna kitu kimoja tu nataka kukuomba. Walter alinipigia simu hospitali akaniambia kwamba yeye na mkewe walikuja mpaka pale kukuchukua, lakini boti uliirudisha wewe. Alisema alikaa akanywa kahawa, na malango yote uliyapita mwenyewe. Hicho ndicho ninachokijua. Ulipoingia wodini mikono yako ilikuwa na malengelenge ya kamba, mama yako akaishika akaiangalia mmoja mmoja, na mimi nilikuwa naongea na nesi. Kati ya Tuttle Road na gati la Walter kuna siku za maisha yako ambazo sikuwepo, na sijawahi kukuuliza. Nilidhani nikiuliza utaniuliza na mimi.

Nimekuwekea kadi ya simu kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kijivu. Mkifunga boti mahali penye simu, nipigie. Usiniambie tu kwamba mko salama. Nieleze zile siku, tangu mlango wa gari ulipofungwa. Anzia unapotaka. Sema kwa Kiingereza, mimi nitafuata. Nitavuta kiti nikae, na sitakukatiza.

Baba yako,
Elia